Waliofika Fizi Wakisukuma Baiskeli

Baraka, Jumatano

Kwako Yaya Anatole, kaka yangu mkubwa,

Nakusalimu kwanza, kwa sababu Mama alitulea hivyo, kwamba hata mtu uliyemkasirikia unamuuliza ameamkaje. Umeamkaje? Kifua cha Mama kinaendeleaje na baridi ya huko juu? Wifi Divine amepona mkono? Watoto wanasoma, au walimu bado wanagoma? Sisi huku ni wazima. Mimi ni mzima kuliko nilivyowahi kuwa, na nakuomba sentensi hii uisome mara mbili, kwa sababu najua haitakufurahisha.

Nimeandika karatasi kwa sababu simu unaikata nikifika neno la pili. Karatasi haina mahali pa kubonyeza. Unaweza kuichana, lakini nakufahamu: hutaichana kabla hujafika mwisho kuona kama nimekutaja vibaya. Nimekutaja vibaya. Endelea tu.

Rafiki yangu Immaculée alishuka kutoka Fizi akanifikishia maneno yako Jumapili, mbele ya watu waliokuwa wakitoka kanisani, kama ulivyomwagiza. Maskini aliona haya, akayasema akitazama viatu vyake. Kwamba wewe hukumlea dada yako ili abebwe kama gunia nyuma ya baiskeli. Kwamba Baba Mkubwa Henri, aliyemlea mume wangu, apande tena Fizi kabla ya Jumapili, na safari hii apande na pikipiki kama mtu, aje aombe radhi uani kwetu kwa dharau ya siku ile ya posa. Asipokuja, Jumapili utashuka wewe kunichukua, na ndoa ihesabiwe kuwa haijakamilika, kwa kuwa wewe, mkuu wa nyumba tangu Baba afariki, hujasema neno la mwisho. Immaculée alipomaliza, mama mmoja wa kwaya alisema kwa sauti, “Huyu kaka iko na mapikipiki mbili tu, na anapenda kuongea sawa muntu mwenye ndege!” Wote wakacheka. Nimeona nikuambie, maana wengine hawatakuambia.

Haijakamilika, unasema. Yaya, hii ni wiki ya saba tangu niolewe, na kila asubuhi naamka kabla ya Bertin ili nimtazame tu. Analala mkono mmoja chini ya shavu kama mtoto wa darasa la kwanza aliyesinzia juu ya daftari. Mwalimu wa jiografia mzima! Nampikia chai, anakunywa akinitazama juu ya kikombe, na nasahau kutia sukari kwenye changu. Halafu anaitoa baiskeli nje, analifuta tandiko kwa kiwiko cha shati, anakunja kitenge changu cha zamani mara nne na kukifunga juu ya kile chuma cha nyuma ili nisiumie. Hicho ndicho kiti ambacho wewe unakiita cha gunia. Malkia gani anafungiwa kiti chake upya kila asubuhi?

Tunatoka saa kumi na mbili na nusu. Ananiacha kwenye kituo cha afya, ambako naandika majina ya akina mama wanaoleta watoto kupimwa kwenye mizani, kisha anaendelea mpaka shuleni kwake, upande wa pili wa mji. Njiani nashika shati lake kiunoni. Akipumua nasikia. Mahali palipo tambarare kabisa huwa ananiimbia, na hajui kuimba hata kidogo, nami sijamwambia.

Kelele zipo, sitakuficha. Wenzako wa pikipiki wapo huku pia. Wanapita karibu mpaka moshi unaingia mdomoni, wanapiga honi masikioni mwetu, wanapiga mayowe, “Toka njia, we wa kinga!” Kinga, ndivyo wanavyoiita baiskeli huku, na wanaitamka kama wanatema. Wiki iliyopita mmoja alipunguza mwendo kusudi, akamwuliza Bertin, “Mwalimu, uko unapeleka muhogo ku soko?” Bertin hakugeuka, akamjibu, “Hii haiuzishwe.” Nilicheka mpaka nikakaribia kuanguka, na akina mama wauza ndagala, dagaa wetu wa ziwa, wakanipigia kelele, “Shika muzuri, bibi harusi, asikutupe!” Yule wa pikipiki akaongeza mwendo. Lakini siku nyingine mwingine alitusukuma kwa mguu tukaingia mtaroni, nikachubuka mkono wote, akaenda zake akicheka bila kugeuka. Kila nikiwasikia nyuma yetu namsikia kaka yangu. Ni sauti ile ile.

Wewe unasema Fizi hakuna baiskeli kwa sababu Fizi ni mji wa watu wa maana, mji wa ofisi, na Baraka zimejaa kwa sababu Baraka ni mji wa wavuvi. Ulisema hivyo mezani, nakumbuka, ukiwa na mfupa wa kuku mkononi. Yaya, Fizi hakuna baiskeli kwa sababu Fizi iko juu ya mlima. Basi. Mtu akitoka nyumbani kwenda ofisini anashuka, anapanda, anashuka, anapanda, akifika shati limeloa na bosi anamcheka. Hakuna heshima yoyote hapo, kuna mawe tu. Nilikulia huko, nilidhani miguu yote duniani huuma jioni.

Huku ardhi imelala. Bertin huwafundisha wanafunzi wake kuutazama mji kama mwenye baiskeli anavyoutazama, na jioni ananifundisha na mimi, akichora kwa kidole juu ya mkeka. Anasema mteremko ndio swali la kwanza, lakini watu wavivu huishia hapo. Anauliza ardhi yenyewe ikoje. Njia yetu ya kando ya ziwa ni tambarare kama meza, na bado tunashuka na kutembea, kwa sababu mchanga unameza gurudumu. Anauliza kazi iko umbali gani na nyumba, maana mji ukitawanyika sana hata tambarare inachosha. Anauliza kivuli, maana saa saba mchana kwenye barabara isiyo na mti mmoja hakuna anayetaka kukanyaga pedali. Ndiyo maana sisi huzunguka kwa njia ya michikichi, ingawa ni ndefu. Anauliza mvua ikinyesha maji yanakwenda wapi. Huku hayaendi popote, yanakaa barabarani kama wageni. Na ukifika, utaiacha wapi ili uikute? Pale kituoni naifahamu hali hiyo: mganga mkuu ana kibanda cha pikipiki yake, chenye bati jipya, na baiskeli za wauguzi zinalala nje mvuani zikiota kutu.

Halafu Bertin, mpenzi wangu, anasema hayo yote mtu anaweza kuyatengeneza kwa majembe na mbao. Kilicho kigumu ni kwamba mwenye injini amwone mwenye baiskeli kuwa mtu anayekwenda mahali, kama yeye. Mji usio na hilo, hata ukiwa laini kama ugali, haufai. Nilipomsikia akisema hivyo nilitaka kumbusu mbele ya mama mkwe.

Kwa hiyo Baraka tumepewa ardhi, na yaliyobaki tunayapigania kila siku. Fizi hamkupewa ardhi, na yaliyobaki hamyataki. Usinitolee hoja ya maana na umaana.

Sasa tuongee siku ile, kwa kuwa wewe ndiye hutaki iishe.

Walitakiwa wafike saa nne asubuhi. Walifika saa tisa. Watu wanne: Baba Mkubwa Henri, Bertin, na ndugu zake wawili, wote wakisukuma baiskeli, wamejaa vumbi mpaka kwenye kope, bidoni ya mawese, dumu zima, imefungwa huku, vitenge vya Mama huku, kuku amening'inia kwenye usukani akiwa amechoka kuliko wote. Watu wote wa mtaa walitoka kutazama. Wewe ulisimama mlangoni mwa ua ukapaza sauti ili majirani wasikie, “Hii ni batu gani banasukuma kitu yenye ilipashwa kubabeba?” Watu wakawacheka, eti baiskeli ndizo zilizobebwa. Nilikuwa chumbani na Immaculée, nilisikia kila neno. Posa ni siku ya kelele, tunajua sote. Wageni wanapanda na honi na moshi, wanazunguka ua mara mbili, majirani wanahesabu pikipiki. Wao hawakuwa na honi. Ukaona umedharauliwa.

Basi ukawaacha juani. Nakumbusha, kwa sababu Mama anasema umeanza kusimulia kwamba ulichelewa tu kutafuta viti. Viti vilikuwa vimepangwa tangu asubuhi, nilivipanga mimi. Ulivirudisha ndani. Ulimwambia wifi Divine ausitishe ugali. Mzee mwenye mvi alisimama saa nzima ameshika usukani ili asianguke, na maji ya kunywa aliletewa na jirani, juu ya ukuta. Alipoanza kusema maneno ya posa, ulimkatiza ukamwuliza nani aliyewafundisha kufika kwa watu kama wachukuzi wa mizigo. Yeye, ambaye ni mkubwa kuliko Baba angekuwa leo, akainamisha kichwa akasema, “Tumechelewa. Kosa ni yetu.”

Halafu mkaniita. Unajua ilivyo: msichana anatolewa, anaulizwa mara tatu mbele ya wote kama anawajua wageni, kama vitu vyao vipokelewe. Nikasema ndiyo, nawajua. Nikasema ndiyo, vipokelewe. Mara ya tatu ukaongeza swali lako mwenyewe, ambalo halimo kwenye desturi ya mtu yeyote. Ukaniuliza kama nilijua kwamba mwanamume wangu atanijia hivi. Nikatazama chini. Watu wakadhani ni haya ya bibi harusi. Wewe ukasema, “Munaona, hata yeye anasikia haya juu yake.” Na Bertin akanitazama, akatabasamu kidogo.

Tangu siku hiyo Baba Mkubwa Henri hajala nyumbani kwetu. Alikuja kuibariki nyumba, alibariki, akakataa hata chai. Sababu ni kwamba siku tatu baada ya posa alikutana na dereva mmoja wa pikipiki hapa sokoni, akaambiwa pikipiki tatu zilikuwa zimekwisha kupatikana kwa safari ile, na mwalimu alizikataa mwenyewe dakika ya mwisho. Bertin alikuwa amemdanganya mzee kwamba zimekwenda Misisi, kwenye machimbo ya dhahabu. Mzee alimwita, akamwuliza kwa nini alimsukumisha baiskeli mlima wote ule, akamfanya achekwe na watoto wa Fizi, wakati injini zilikuwepo. Bertin akajibu kwamba alifanya makosa, hana la kujitetea. Hajaongeza neno mpaka leo.

Ujumbe wako ulipofika, mzee alisema akipanda tena mlima ule itakuwa ndani ya sanduku. Jumatatu Bertin akaniambia ameamua: Jumamosi atapanda yeye, peke yake, atapiga goti uani kwetu mbele yako na majirani, aseme dharau ilikuwa yake, mzee hahusiki, ili Jumapili usije kunichukua. Alisema hivyo akitia hewa kwenye gurudumu, kama mtu anayesema anakwenda kununua chumvi.

Na hapa, Yaya, ndipo nilipotaka kukomea, nikuandikie matusi mengine mawili nifunge bahasha. Nimeshindwa.

Ni mimi. Pikipiki zile ni mimi niliyezikataa. Siku mbili kabla ya posa nilimpigia Bertin simu nikiwa nyuma ya jiko, Mama akitwanga majani ya muhogo kwa sombe. Nilimwambia asije na pikipiki. Nilimwambia kila mwanamume anayepanda Fizi kuoa hufika bila jasho, akiwa na kelele za kuazima, na mimi sitaki wa kuazima. Nataka nimwone anaupanda mlima kwa ajili yangu, na baiskeli yake ile ile aliyonichumbia nayo huku Baraka. Nilikuwa nimeliwaza jambo hilo usiku na mchana, likawa zuri kichwani kama picha ya ukutani. Bertin alicheka, akasema, “Nadège, ule ni mulima, na Baba Mukubwa si kijana.” Mimi nikanyamaza kwenye simu. Unaujua unyamavu wangu, umewahi kuniletea viatu ili niseme tena. Akasema sawa.

Na bado halijaisha. Siku ile bibi harusi alitakiwa kuwa chumbani tangu asubuhi. Nilitoroka. Immaculée alinifungia mlango kwa nje akawaambia nimelala. Nilisimama nyuma ya kanisa, pale barabara inapoonekana ikipinda mara tatu, na niliwaona wangali wadogo kama sisimizi. Nilimtambua Bertin kwa shati lake jeupe. Nililia kwa furaha, Yaya, naapa, nilisema hakuna mwanamke aliyependwa hivi. Kisha nikamwona mzee anakaa chini kando ya njia, anashika goti, na Bertin anampepea kwa kofia. Walikaa muda mrefu. Nilikuwa na kitenge kipya, nywele zimesukwa, na nilitaka anikute chumbani kama inavyotakiwa, ili picha yangu isiharibike. Nikarudi nikajipaka mafuta.

Wewe uliwaacha juani kwa sababu hukujua. Mimi nilijua.

Jana nilikwenda kwa Baba Mkubwa Henri. Nilimkuta anachemsha mawese, nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Alikoroga muda mrefu bila kunitazama. Kisha akaniuliza, “Kwa hiyo ulituona.” Nikasema ndiyo. “Na mi nilipokaa chini, uliniona?” Nikasema ndiyo. Akakoroga tena. “Mayi ilikuwa mbali?”

Nikasema hapana, maji hayakuwa mbali.

Hakunigombeza, laiti angenigombeza. Alisema, “Basi enda we mwenyewe kwa kaka yako, mama. Ule mutoto amesema uongo ya kutosha juu ya kukulinda.” Akaniomba nimpishe, moshi ulikuwa unanijia. Bado hajala kwetu.

Nilipomwambia Bertin, alikasirika mara ya kwanza tangu tuoane. Si kwa sababu ya pikipiki. Alisema siri ile ilikuwa zawadi yake kwangu na nimeirudisha bila kumwuliza. Alilala amenipa mgongo. Asubuhi alikifunga kile kitenge kama kawaida, hakuimba.

Kwa hiyo Jumamosi usimngoje Bertin. Atakuwa shuleni anasahihisha mitihani. Nitakuja mimi, na sitakuja na baiskeli. Mlima ule sitaki kuufanyia tena wimbo. Nitapanda na lori la soko, juu ya magunia, kama wote. Nitafika mapema. Nakuomba uwaite wale wale waliokuwepo uani, na jirani aliyeleta maji juu ya ukuta, wasimame walipokuwa wamesimama. Uniulize tena swali lako la tatu. Safari hii nitalijibu, na nitamwomba radhi Mama, kwa kuwa alipika na chakula kikalala.

Lakini usidhani umepona. Kosa langu halikurudisha viti ndani. Halikumkatiza mzee katikati ya maneno. Hukuuliza kwanza, Yaya, ulicheka kwanza. Nikimaliza kusema langu, nitabaki nimesimama pale pale uani kungoja useme lako, na watu wote watakuwa wanasikiliza.

Mfikishie Mama mapenzi yangu, umwambie dawa ya kifua nitakuja nayo. Wifi Divine na watoto wote nawasalimu, kila mmoja kwa jina lake. Bertin naye anakusalimu; nimemwuliza kama niandike hivyo, akasema andika. Ubaki na amani hadi Jumamosi asubuhi.

Mdogo wako, mke wa Bertin, na nitabaki kuwa mke wa Bertin,

Nadège